Karatasi ya Langoni

Nilisikia sindano yake kabla sijamwona. Kshh. Kshh. Kshh. Jani la tumbaku likitobolewa hutoa sauti ndogo, kama mtu anachana kitambaa chepesi hataki wenzake wajue, na mtungaji mzoefu wa mikufu ya majani ya kukausha hupitisha majani sita kabla hujapumua. Neviana alikuwa mzoefu tangu ana miaka saba. Nilisimama nje ya lango lao, bega langu limeegemea ubao pale pale ninapoliegemeza siku zote, nikasikiliza. Siku hiyo sindano ilikwenda mbio mno, kama inayokimbizwa.

Mfukoni mwa shati langu zilikuwemo karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa cheti cha kozi ya bure ya mtandaoni: vipindi vya fasihi, tanzu zake na waandishi wake wakubwa, majuma manane, alama tisini na sita kwa mia. Nilikuwa nimekichapisha mjini kwa rangi, na nilimfanya mwenye duka akisome kwa sauti mbele ya wateja wawili. Ya pili ilikuwa shairi, beti kumi na mbili, lenye nyota, bahari ambayo sijawahi kuiona, na jina la Neviana mwishoni mwa kila ubeti. Nilikuwa nimepanga hivi: cheti kwa baba yake, shairi kwake, halafu nimwombe Mzee Stamen binti yake.

Nina miaka ishirini na minne. Shule niliacha mapema, baba yangu alipovunjika mgongo. Kila ninachokijua kuhusu mashairi nilijifundisha mwenyewe kati ya mistari ya tumbaku, simu kiunoni, kisikilizio kimoja sikioni. Kingine kilikuwa sikioni mwa Neviana. Hivyo ndivyo tulivyopendana, mwalimu asiyetujua akitusimulia urasimi na uhalisia, na sisi tumeunganishwa kwa uzi mweupe, tukichuma majani ya chini kwa hatua moja ili uzi usikatike.

"Naona viatu vyako chini ya lango," sauti yake ikasema. "Ingia au nenda zako."

Niliingia. Alikaa kwenye kigoda chini ya mzabibu, kitambaa cheupe kichwani, viganja vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Hakuinua macho. Nikatabasamu, maana nilizoea kuibiwa mtazamo mmoja wa pembeni kabla ya salamu. Nilisubiri ule mtazamo. Haukuja.

Ndipo nikaliona sanduku. La buluu, la magurudumu, limesimamishwa kando ya mlango wa nyumba, na juu yake koti la baridi lililokunjwa. Koti la baridi, katika joto la mwezi wa Agosti.

"Nani anasafiri?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Graz, ughaibuni, na shangazi. Gari linakuja saa kumi na moja."

Nilicheka. Namshukuru Mungu kwamba hakuniangalia nilipocheka.

"Nevi, acha mchezo. Na maktaba je?"

Hapo ndipo alipoinua macho, na nikatamani asingeyainua. Yalikuwa mekundu, makavu, macho ya mtu aliyemaliza kulia asubuhi akarudi kazini.

Yafaa niseme jambo la maktaba. Mkutubi wa mji wetu alitafuta mtu wa kukaa na vitabu vya watoto. Neviana hakuwa na shahada, lakini mama yule alimpenda, akamwambia: niletee cheti cha kozi ile kabla ya saa sita mchana ya siku ya mwisho ya Agosti, kiti ni chako. Mzee Stamen naye akatoa neno lake: ukipata cheti utabaki, ukikosa utakwenda na shangazi yako kutunza wazee wa watu. Siku ya mwisho ya Agosti ilikuwa ile ile. Saa tisa alasiri ilikuwa imeshapita.

"Sitini na nane," alisema. "Cheti kinataka sabini."

"Haiwezekani. Majibu yametoka lini?"

"Asubuhi. Hukuangalia ya kwako?"

"Niliangalia."

"Umepata ngapi?"

Karatasi iliniunguza kifuani. "Nimefaulu."

"Ngapi, Momchil?"

"Tisini na sita."

Alitikisa kichwa taratibu, akachukua jani jingine. Kshh. "Hongera," akasema, na alimaanisha. Hilo ndilo lililoniuma kuliko matusi.

Shangazi Ginka akatoka jikoni na birika la kahawa, midomo imepakwa rangi, nywele zimechomwa mpya kwa ajili ya safari. Ni dada yake Mzee Stamen, na miaka kumi na moja ameishi ugenini akiwaogesha vikongwe wa watu.

"Aa, mshairi wetu!" alisema. "Umekuja kuaga au kulia? Kama ni kulia, lia haraka, dereva hangojei mtu."

"Shangazi, huwezi kumchukua."

"Mimi nimchukue? Mtoto ana miguu. Kuna bibi wa miaka tisini na mbili, mpole, hapigi kelele, anataka mtu wa kumsomea magazeti. Si ndiyo fasihi hiyo? Kunywa kahawa."

"Nevi," nilisema, nikachuchumaa mbele yake mpaka magoti yangu yakagusa rundo la majani. "Ulikuwa mzuri kuliko mimi. Juma la tatu ulinieleza tofauti ya utendi na masimulizi mpaka nikanyamaza. Mimi! Nini kimetokea?"

"Insha ya mwisho."

Insha ya mwisho ilikuwa na alama thelathini. Kozi ile ina watu maelfu na walimu wawili, kwa hiyo wanafunzi husahihishana wenyewe. Kila insha husomwa na watu watatu, jina halionekani, ni namba tu, na wastani wao ndio alama yako. Mimi na Neviana hatukuwahi kuoneshana insha. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Nilimwambia kila mmoja apande mlima wake, tukutane kileleni. Niliipenda sana sentensi ile.

"Wawili walinipa ishirini na sita na ishirini na tano," alisema. "Wa tatu alinipa tisa."

"Tisa?" Damu ilinipanda. "Tisa kwa thelathini? Mpumbavu gani huyo?"

"Angenipa kumi na tano tu, Momchil. Nimepiga hesabu mara ishirini. Kumi na tano, na sasa hivi ningekuwa nafuta vumbi kwenye vitabu vya watoto."

"Nikimpata nitamvunja meno!"

"Maoni yake yapo. Mikono yangu ina utomvu, simu hainisikii. Iko hapo kwenye benchi. Fungua, soma. Nataka usikie."

Nilichukua simu. Niliifungua kwa hasira ya haki, hasira tamu, ya mwanaume anayemtetea mpenzi wake. Ukurasa ulikuwa wazi. Juu kabisa paliandikwa: Insha namba 4117. Mada: mbolezi, utungo wa kumlilia marehemu, jana na leo.

Niliisoma namba mara ya pili.

Naijua namba ile. Niliisahihisha nikiwa nimekaa kwenye ukuta wa kanisa, siku ya joto, nikila tikiti na jibini, na nilikuwa na furaha.

"Soma kwa sauti," alisema Neviana. "Shangazi naye asikie watu wanavyotuona."

Nikasoma. Sikuwa na njia nyingine. Kila neno nililijua kabla jicho halijalifikia.

"'Mwandishi amechanganya fasihi na tangazo. Mbolezi ni utanzu wa juu, wenye kanuni na historia ndefu. Mistari ya...'" Nikaishusha simu.

"Endelea. Tamu iko mbele."

"'Mistari ya langoni aliyoinukuu si ushairi. Ni kilio cha jikoni. Sufuria na mbwa havitoshi kumlilia mtu. Namshauri mwandishi arudi juma la kwanza.'"

"Juma la kwanza!" Shangazi Ginka alipiga paja. "Mwone! Huyo ni mtu wa mjini. Ana viatu vya kung'aa na hana mama."

"Hana mama," alirudia Neviana polepole. "Mimi pia nilifikiri hivyo. Mtu mwenye mama hawezi kuandika hivi."

Kshh. Kshh.

Mzee Stamen alikuwa amefika kutoka ghalani, amesimama na fito za kukaushia majani begani. Ni mtu mfupi, mpana, na kwa mwaka mzima hakuwahi kuniita kwa jina. Aliweka fito chini.

"Ni mthamini," alisema.

"Nani, baba?"

"Huyo wa tisa. Nawajua. Kila msimu wa baridi anakuja mthamini wa kampuni, anachomoa jani moja katikati ya robota, moja, ananusa, anasema daraja la tatu. Hakutazami usoni. Mwaka mzima wa mgongo wako, yeye pua tu. Kwa hiyo nilimwambia binti yangu, kitabu chako kitakuwa na wathamini pia. Hakunisikia." Akanigeukia. "Na wewe umekuja kufanya nini, mshairi? Shati jeupe la nini?"

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua mpaka siku ya kufa kwangu. Gari lingekuja, angenibusu mbele ya baba yake kwa mara ya kwanza, ningemwandikia kila juma, angerudi, ningemwoa, na kila usiku ningelala kando yake nikiwa na namba ile kifuani. Nilimtazama. Kitambaa kilikuwa kimemteremka kidogo, na unywele mmoja umenata kwenye jasho la shavu, na hakuweza kuuondoa kwa sababu ya mikono yake. Nilinyoosha kidole nikauondoa. Alifumba macho nilipomgusa.

"Ni mimi," nilisema.

"Ni wewe nini?"

"Wa tisa. Ni mimi, Nevi."

Sindano ikanyamaza.

Nyigu walizunguka zabibu. Shangazi Ginka alishika kikombe nusu ya njia ya mdomo.

"Rudia," alisema Neviana.

"Nilisahihisha 4117. Maneno yale ni yangu. Sikujua..."

"Rudia ile ya jikoni."

"Nevi..."

"Rudia! Ulivyoiandika ilikupendeza, sivyo? Najua unavyoandika. Ulisimama, ukaisoma kwa sauti, ukatembea. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Ulitaka kumwonesha nani? Jina lako halikuonekana! Hakuna mtu duniani ambaye angejua ni wewe! Ulijionesha kwa nani, Momchil?"

"Kwangu mwenyewe."

Alisimama. Majani yalimwagika kutoka mapajani. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza njia.

"Na mistari je? Ile niliyoinukuu. Hukuitambua?"

"Ningeitambuaje? Uliandika tu: kutoka kwenye lango moja la kijiji cha milimani."

Alinishika mkono wa shati, utomvu ukabaki umechora vidole vyake vitano kwenye kitambaa cheupe, akanivuta kupita mzabibu, kupita kisima, mpaka nje ya lango. Akanigeuza niutazame ubao.

"Soma," alisema.

Kwetu mtu akifa, picha yake na jina lake huchapwa kwenye karatasi na kubandikwa langoni, kwenye nguzo za umeme, kwenye mlango wa duka. Baada ya siku arobaini hubandikwa nyingine, nusu mwaka nyingine, kisha kila mwaka nyingine. Chini ya picha familia huweka mistari. Zimejaa kila mahali. Tunapita kando yake kama tunavyopita kando ya majani ya miti. Mimi nilikuwa nimepita kando ya hii kwa mwaka mzima.

Karatasi ilikuwa ndani ya nailoni, imefifia kwa jua. Mama yake alinitazama, uso mpana, tabasamu la mtu asiyezoea kupigwa picha. Na chini yake:

Ulishuka mashambani, jua halijachomoka,
Sufuria i jikoni, mboga bado yachemka,
Kila jioni mezani, sahani yako twaweka,
Mbwa yungali langoni, nawe bado hujafika.

Niliisoma mara moja kwa macho. Mara ya pili midomo ilijisogeza yenyewe. Nilijua mizani. Nilihesabu bila kutaka: nane kwa nane, kila mstari, vina vya kati na vya mwisho havikukosea hata kimoja. Kwenye ukuta wa kanisa, na tikiti mdomoni, sikuwa nimehesabu. Niliona neno sufuria, nikaacha kusoma.

"Aliacha sufuria motoni," alisema Neviana nyuma yangu. "Alisema, nachuma mstari mmoja narudi. Tulimkuta mchana. Niliandika usiku wa mazishi, hakuna aliyenifundisha. Mwaka mzima umesimama hapa unanisubiri. Hapa hapa. Tazama."

Nilitazama. Kwenye kona ya juu nailoni ilikuwa imechakaa, imekuwa nyeupe, imetoboka, na chini yake nywele za mama yake zilikuwa zimefutika. Ilikuwa ni urefu wa bega langu.

"Umemwegemea mama yangu mwaka mzima," alisema, "ukatazama dirisha langu ukitunga nyota."

Sikuwa nimewahi kulia mbele ya mtu mzima. Nililia mbele yao wote, na mbele ya jirani Mitra aliyekuwa amesimama na ndoo yake. Mbwa mzee akaja akaninusa viatu.

Kisha nikatoa simu yangu. Utomvu wa shati ulikuwa umenishika mikononi, kioo hakikunisikia. Nilikipangusa kwenye suruali, nikaandika kwa walimu wa kozi, nikafuta, nikaandika tena. Nikapiga namba iliyokuwa chini ya ukurasa. Mwanamke akapokea.

"Mama, nimesahihisha insha kwa dhuluma. Namba 4117. Nataka nibadilishe alama yangu. Nataka kumpa thelathini. Nipokonye cheti changu, nipe sifuri, lakini mbadilishie."

"Kijana, alama zilifungwa saa sita mchana."

"Zinakosekana mbili tu!"

"Naelewa. Mfumo haufunguki. Kozi itaanza upya Oktoba, mwambie ajiandikishe, ni bure."

"Oktoba yeye hatakuwepo!"

"Pole sana, mwanangu," alisema, na nadhani alimaanisha, na akakata.

"Twende maktaba," nilimwambia Neviana. "Sasa hivi. Nitapiga magoti kwa mkutubi. Nitamwambia ni mimi."

"Nimeshaongea naye. Alilia. Saa sita na dakika kumi amempa kiti binti mwingine mwenye cheti. Si kosa la binti huyo."

"Basi usiende! Nioe... nikuoe mimi! Leo! Mzee Stamen, nimekuja kwa ajili hiyo, ndiyo maana ya shati!"

Mzee Stamen alinisogelea.

"Kama wewe ndiye mthamini wa binti yangu," alisema, "nikupe robota zima ulinuse?"

Shangazi Ginka, ambaye hajawahi kukosa mzaha, aliangalia kahawa yake.

Gari lilipiga honi kwenye kona ya kanisa. Magari haya madogo huzunguka vijijini yakikusanya watu mlangoni kwao, viti vinane, masanduku juu. Neviana alikwenda kisimani, akasugua mikono kwa nyanya mbichi, maana utomvu wa tumbaku hautoki kwa sabuni. Niliposhika ndoo nimmiminie maji, hakukataa. Tulisimama hivyo, vichwa vimekaribiana, maji meusi yakipita kati ya viatu vyetu.

"Unanichukia?" niliuliza.

"Nataka kukuchukia. Nimejaribu tangu lango mpaka hapa."

"Na?"

"Na ungenyamaza nisingejua kamwe." Alikung'uta mikono. "Hilo linaniharibia chuki yangu."

"Nevi, nakupenda mpaka..."

"Usiniletee mashairi. Kuna nini mfukoni? Nimeona karatasi."

"Cheti."

"Na nyingine?"

"Shairi lako. Beti kumi na mbili."

"Nipe nisome njiani."

Nililishika kifuani. "Hapana. Halina sufuria hata moja."

Kidogo tu, pembe moja ya mdomo wake ilisogea. Ningeweza kuishi miaka kumi kwa pembe ile. Kisha honi ikalia tena, karibu, na pembe ikashuka.

Kila kitu kilikwenda haraka. Dereva akafunga sanduku juu kwa kamba. Shangazi Ginka akambusu kaka yake mashavu mawili, akanipiga kofi jepesi la shingo, akasema, "Mpumbavu mkubwa," kwa huruma, akapanda. Neviana alimkumbatia baba yake. Mzee Stamen alisimama kama ufito, mikono imelegea, na nikaona kwamba mtu huyu hakutaka aende; alitoa neno lake akiamini kabisa kwamba binti yake atashinda.

"Tarehe kumi na tisa mama yako anatimiza miaka mitatu tangu atutoke," alisema mzee, bila kumtazama yeyote. "Karatasi mpya lazima itoke. Wewe ndiye unayejua maneno, binti yangu, na unakwenda. Sasa nani ataandika?"

Wote wakanigeukia. Dereva, Mitra na ndoo yake, hata Shangazi Ginka dirishani. Mshairi wa kijiji, mwenye cheti, alama tisini na sita. Asubuhi ile ile ningekuwa nimeshaanza: ewe malaika, ewe nyota.

"Hakuna wa kuandika," nilisema. "Imeshaandikwa."

Neviana alikuwa ameweka mguu mmoja garini. Aligeuka. Hatimaye alinipa ule mtazamo, wa moja kwa moja, si wa pembeni, na ulikuwa na maumivu, na ulikuwa na swali.

"Oktoba nitaanza tena," alisema. "Kule kule, kwa yule bibi. Nitapeleka insha ile ile. Sitabadilisha hata nukta."

"Usibadilishe."

Akapanda. Mlango ukafungwa kwa kishindo. Mzee Stamen akainama, akaokota sindano bapa iliyoanguka chini ya mzabibu, akaja nayo mpaka langoni, akanitia mkononi. Uzi ulikuwa bado umening'inia, majani nusu, mkufu haujaisha.

Gari likaanza kusogea. Nilikimbia kando yake, sindano mkononi, na dirisha lake lilikuwa wazi, na mkono wake umetoka nje, na nikaushika, bado una harufu ya nyanya.

"Neviana!" nilipiga kelele, mtaa mzima usikie. "Mkufu huu nitaumaliza mimi, na kila mkufu ambao ungekaa hapo ukautunga! Tarehe kumi na tisa nitabandika karatasi ya mama yako kwa mistari yako, neno kwa neno, sufuria kwa sufuria, mbwa kwa mbwa! Nitaisoma kwa sauti kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, mpaka utakaposhuka garini! Utanikuta hapa langoni, naahidi, utanikuta nimesimama wima, na siegemei!"